Macho ya Mama Mkwe na Pesa ya Kiwanja

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba tuzipumzishe habari za nani kapekua simu ya nani. Meseji zenu nimezipata, na za michepuko nitazijibu, msiwe na haraka. Leo nina ugomvi mwingine, ule ambao wanandoa wengi tuliopo mjini na vikazi vyetu tunagombana kwa sauti ya chini, usiku, watoto wakishalala: matibabu ya wazazi. Nani alipe? Alipe kiasi gani? Na je, ni ugonjwa kweli au mama anazeeka tu?

"Anazeeka tu." Jamani, hilo neno! Ukilisema kuhusu magoti ya mzazi pengine utasamehewa. Kuhusu macho yake, tafadhali usilitamke kabla daktari hajalitamka.

Mimi nimeolewa Isingiro. Kabla hujauliza Isingiro ipi, zipo mbili zinazotazamana: moja ni wilaya nzima kule Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera, na nyingine ni yetu ya Kyerwa, mkoani Kagera, ambayo sisi wengine bado ulimi unateleza tunaiita Karagwe, kwa sababu Kyerwa ilikuwa haijawa wilaya yake mpaka mwaka 2012. Ukweni kwangu ni upande wetu. Ni nchi ya vilima, kahawa, migomba na maharage, na mama mkwe ana kibanja chake ambacho hata umjengee ghorofa Mbezi hakiachi.

Mama huyu alitolewa mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia mwaka 2011, kwenye kambi ya madaktari waliokuja kwa siku chache. La kushoto mwaka 2014. Aliona vizuri sana. Alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe, na kahawa yake akiwa anaipeleka kupimwa hakuna kijana aliyethubutu kumdanganya kwenye mzani. Kwa hiyo sisi watoto tukafunga ukurasa. Macho ya mama? Yalishatibiwa.

Desemba ya 2023 tulikwenda nyumbani kwa sikukuu, nikang'ata jiwe kwenye maharage. Nikanyamaza, mkamwana hasemi mambo kama hayo mezani. Kesho yake jiwe tena. Siku ya tatu nikakaa karibu naye anapochambua. Mkono ulikuwa unapapasa kwenye ungo, uso umeelekea mlangoni kwenye mwanga, na mawe yanapita kama hayapo. Usiku akawa hatoki nje bila kumshika mjukuu bega, na mjukuu mwenyewe ameshazoea, anampa bega bila kuambiwa. Ndipo nikajua jambo hili si la jana.

Nikamuuliza taratibu. "Niko sawa mwanangu, ni moshi wa jikoni tu." Wazazi wetu hawa! Hataki kuwa mzigo, basi anaficha, na sisi tunaopenda kuamini tunaamini.

Kikao cha familia kilikaa usiku uleule, na kila mtu alikuwa na uchunguzi wake. Mume wangu: "Si alishafanyiwa operesheni? Anazeeka tu." Wifi yangu mkubwa, anayeishi jirani na mama na ndiye anayemhudumia kila siku, akasema zile lenzi zimeisha muda wake, ati kila baada ya miaka kumi zinatakiwa kubadilishwa. Shemeji akasema jirani mwenye husuda na kile kibanja amefanya vitu vyake. Mzee mmoja wa ukoo akatoa jina la mtu mwenye dawa ya majani ya kukamulia jichoni.

Na hapo katikati kulikuwa na pesa. Mimi na baba watoto tulikuwa tumebakiza awamu ya mwisho ya kiwanja, inatakiwa Januari. Safari ya kumpeleka mama kwa daktari wa macho, nauli za watu wawili, malazi, vipimo na kisichojulikana kingine, ingekula ile awamu. Yeye alitaka tusubiri msimu wa kahawa. Mimi nilitaka tuondoke naye mara moja. Tuligombana kuanzia Omurushaka hadi basi linaingia Dar, na mtu wa kiti cha mbele alikuwa ameacha kujifanya amelala.

Lenzi inakaa wapi, na nini hutokea baadaye

Tulipofika nikamtafuta dada mmoja niliyesoma naye, ni muuguzi wa macho. Alinichorea kwenye karatasi ya risiti, na mchoro ule ulinisaidia kuliko saa zote za kubishana. Nami nitajaribu kuuchora kwa maneno.

Ndani ya jicho, nyuma ya ile mboni nyeusi, kuna lenzi ya kuzaliwa nayo. Imo ndani ya kifuko chembamba sana, na kifuko kinaning'inia kwa nyuzi ndogo pande zote, kama turubai la harusi lilivyofungwa kamba. Lenzi ikichafuka na kuwa na ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Daktari hufungua upande wa mbele wa kifuko, anatoa lenzi iliyochafuka, halafu anaingiza lenzi bandia ndani ya kifuko kilekile. Upande wa nyuma wa kifuko anauacha, ndio unaoshikilia kila kitu.

Sasa sikiliza. Hata daktari awe hodari vipi, chembechembe za lenzi ya zamani hubaki pembeni mwa kifuko. Zinaweza kuanza kuota. Miezi inapita, au miaka, zinatambaa hadi upande wa nyuma wa kifuko na kuweka ukungu nyuma ya lenzi bandia. Mgonjwa anaona kama kioo cha basi asubuhi ya baridi. Taa za gari zinatawanyika, sura za watu zinafifia, na yeye anasema mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi, kwa sababu lenzi aliyoota haipo tena. Kilichochafuka ni kifuko.

Hili ndilo tatizo la baadaye linalowapata watu wengi kuliko yote. Uchambuzi mmoja uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 1998, ulikuta kwamba miaka mitano baada ya operesheni zaidi ya jicho 1 kati ya 4 lilikuwa limepata ukungu huo. Lenzi za miaka hii zenye kingo kali zimepunguza idadi, lakini hazijaimaliza. Kwa hiyo nyumba kumi za ukoo wako zikiwa na wazee waliofanyiwa operesheni, piga hesabu mwenyewe.

Na tiba yake? Ni leza. Mgonjwa anawekewa matone ya kupanua mboni, anakaa kwenye kiti, anaweka kidevu kwenye mashine, na daktari anatoboa tundu dogo katikati ya kile kifuko kilichochafuka ili mwanga upite. Hakuna kisu, hakuna kulazwa, ni dakika chache tu. Wanapima presha ya jicho baadaye kwa sababu inaweza kupanda, na wanakuonya kwamba ukiona cheche za mwanga, vijidudu vingi vyeusi vinavyoelea, au kama pazia linashuka upande mmoja, urudi haraka, maana mara chache retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, inaweza kuachia. Lakini watu walio wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Nilipomaliza kumsikiliza yule dada nilikaa kimya. Yaani mama wa watu anapapasa ungo, na tiba yenyewe huenda ni dakika chache kwenye kiti?

Huenda. Alinikazia hilo neno. Ukungu wa kifuko si tatizo pekee, na ndiyo maana hakuna mtu wa kukutibu kwa simu, hata awe rafiki yako. Lenzi inaweza kuhama. Zile kamba za turubai zinaweza kulegea taratibu, pengine miaka minane au kumi baadaye, hasa kwa mtu aliyewahi kupigwa jichoni, au mwenye ile hali ya uzeeni ambapo unga mweupe kama mba unajikusanya ndani ya jicho. Hali hiyo imeripotiwa sana Ethiopia na sehemu nyingine za Afrika. Mgonjwa ataona vitu viwiliviwili, au mstari wa ukingo wa lenzi unampitia mbele, au uoni unabadilika akiinama. Hapo leza haitoshi, inatakiwa operesheni ya kuirudisha lenzi au kuiweka nyingine.

Lenzi yenyewe nayo inaweza kuchafuka. Si zile za plastiki ngumu walizowekewa wazee wetu wengi. Ni baadhi ya lenzi laini zenye maji ndani yake, ambazo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 nyingine zilionekana kujijaza chembe za kalsiamu, zikawa nyeupe kama chupa iliyokaa na chokaa. Na hapa kuna mtego: daktari asipoangalia vizuri akadhani ni kifuko, akapiga leza, ukungu haundoki na kazi ya kubadilisha lenzi inakuwa ngumu zaidi. Halafu wapo waliowekewa lenzi mbele ya ule mduara wa rangi wa jicho badala ya nyuma yake, kwa sababu kifuko kilipasuka siku ya operesheni au kwa sababu ndiyo njia iliyotumika enzi zao. Lenzi ya mbele inaweza kusugua, ikaleta damu, presha, na baada ya miaka kioo cha mbele cha jicho kikavimba na kuwa na maumivu. Kuna hata vijidudu vinavyoweza kujificha ndani ya kifuko miezi mingi, jicho linakuwa jekundu, likipewa dawa linatulia, dawa ikiisha linaanza tena.

Na mwisho kuna magonjwa yasiyohusiana na lenzi kabisa, ila yanasingiziwa lenzi: kisukari kinachoharibu retina, na presha ya jicho, yaani glakoma. Shika hilo la glakoma, tutarudi.

Kuhusu kuisha muda, wifi yangu alikosea, ingawa si yeye peke yake anayeamini hivyo. Lenzi ya jicho haina tarehe ya kubadilishwa kama mtungi wa gesi. Ikikaa vizuri inakaa mpaka mwenyewe anapozikwa nayo. Haiyeyuki kwa moshi wala kwa jua la kuanika kahawa.

Hadithi ya mwanzo wake naipenda, niruhusu niisimulie haraka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa macho wa Kiingereza, Harold Ridley, alitibu marubani wa ndege za kivita walioingiwa jichoni na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege. Akaona jambo la ajabu: vile vipande vilikaa ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Baada ya vita, mwanafunzi mmoja akimtazama anatoa mtoto wa jicho akamuuliza kwa nini harudishii lenzi nyingine. Mwishoni mwa Novemba 1949, hospitali ya St Thomas', London, Ridley akaanza kufanya hivyo kwa plastiki ileile. Madaktari wakubwa wenzake walimpinga miaka na miaka. Na tusema kweli, lenzi zake za kwanza zilikuwa nzito na baadhi zilihama, kwa hiyo matatizo ya baadaye yamezaliwa siku moja na lenzi yenyewe! Mwaka 2000 alipewa heshima ya Sir, akafariki mwaka 2001, akiwa mwenyewe ameshawekewa lenzi macho yote, na katika hospitali ileile.

Kwetu Afrika lenzi zilichelewa kwa sababu ya bei. Kabla yake wazee walitolewa mtoto wa jicho wakapewa miwani minene kama vitako vya chupa, ikivunjika ndiyo basi. Kilichobadilisha mambo ni viwanda kama Aurolab cha Madurai, India, kilichoanza mwaka 1992, na kile cha Asmara, Eritrea, kilichofunguliwa mwaka 1994 kwa kazi iliyoanzishwa na daktari Fred Hollows. Lenzi iliyokuwa zaidi ya dola 100 ikashuka hadi dola 10 na chini ya hapo. Ndivyo kambi zikaweza kufika hadi vijijini.

Ila kambi huondoka, na hapo ndipo nina neno. Sitataja iliyomfanyia mama mwaka 2011 ni ya nani, na kazi ya mikono yao ilikuwa nzuri. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya jicho lake kuna kitu cha plastiki. Miaka 12 mama aliamini "walimmenya jicho". Hakupewa karatasi yenye namba ya lenzi wala aina yake, hakuambiwa miaka ikipita akiona ukungu aende wapi. Aliambiwa amepona. Karatasi ya jicho la kushoto tuliikuta kwenye kopo la biskuti pamoja na risiti za chama cha ushirika, na hata hiyo panya walikuwa wameonja.

Safari

Ukiwa Isingiro, kwa ramani hospitali ya macho yenye jina iliyo karibu iko nchi nyingine. Unavuka mto pale Murongo, unaingia Kikagati, unaendelea hadi Mbarara, na hapo ipo Ruharo, hospitali ya misheni ambayo wagonjwa wa macho wa upande ule wote wanaijua. Lugha haisumbui, Kinyambo na Kinyankole ni ndugu wa damu. Watu wa Kyerwa huenda, na sioni aibu yoyote. Ila mama hakuwa na hati ya kusafiria, na shemeji yuko Mwanza ana chumba cha ziada, kwa hiyo ikawa Mwanza.

Lakini kwanza ilibidi tumalize la kiwanja. Nilichofanya, na wewe unaweza kukijaribu, ni kuacha kusema "mama yako". Nilikuwa nimeona kila nikisema "mama yako haoni", mwenzangu anajikunja kama anashtakiwa. Jumamosi moja nikampa ile karatasi yenye mchoro, nikamwambia, "Baba watoto, mama yetu huenda ana ukungu kwenye kifuko. Huenda si hivyo. Tukisubiri kahawa, kama ni presha ya jicho, kitakachopotea hakirudi." Akaangalia mchoro muda mrefu. Mwanaume wa watu akaniambia kitu ambacho hakuwa amekisema kwenye basi: baba yake alikufa haoni, na familia yote ilisema ni uzee.

Hatukuongea tena kuhusu awamu. Alimpigia mwenye viwanja, akaomba miezi miwili. Kiwanja cha kona tulichokipenda kikauzwa kwa mwingine, sisi tukahamishiwa cha nyuma, karibu na mkondo wa maji. Sikufurahi, nisikudanganye. Nilishachora jiko la kile cha kona kichwani.

Februari 2024 mume wangu akamfuata mama. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, wakavuka kwa pantoni, mama akiwa ameshika kikapu chake cha ndizi na kahawa ya kutafuna ya kumpelekea daktari asiyemjua. Siku hizi, tangu Juni 2025, magari yanapita juu.

Hospitali moja ya Mwanza ikampima siku nzima. Jicho la kulia, lile la kambi ya 2011: lenzi imekaa pale pale ilipowekwa, safi kabisa, na kifuko nyuma yake kimejaa ukungu. Akapigwa leza saa nane mchana. Kesho yake asubuhi alimwangalia mwanawe kifungua kinywa, akamwambia amezeeka, na kwamba ana mvi upande wa kushoto ambazo mkewe hajamwambia. Nilizijua. Nilikuwa nazionea huruma.

Jicho la kushoto, mpenzi msomaji, ni habari nyingine. Nalo lenzi ilikuwa nzima na kifuko hakikuwa na shida kubwa. Presha ya jicho ilikuwa juu mno, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa umeshakufa sehemu kubwa. Anaona kivuli cha mkono upande mmoja. Leza ya kifuko haina la kufanya hapo, wala lenzi mpya. Matone ya kushusha presha atayatumia maisha yake yote ili kulinda kilichobaki, na kulinda lile la kulia.

Daktari akauliza kama mama alikuwa anatumia dawa yoyote ya macho. Akatoa kichupa kwenye kikapu. Ni matone ya dukani, yenye deksamethasoni, ya jamii ya steroidi. Yanaondoa wekundu na kuwasha haraka sana, ndiyo maana yanapendwa, na kwa baadhi ya watu yakitumiwa miezi mfululizo yanapandisha presha ya jicho kimyakimya, bila maumivu. Mama alikuwa akiyatumia karibu miaka miwili, kila kichupa kikiisha kinaletwa kingine. Na aliyekuwa anakileta ni wifi.

Hapo ndipo ndoa yangu na ukoo wangu vilitaka kupasuka kwa pamoja. Mume wangu alinipigia kutoka Mwanza sauti inatetemeka, anataka kumpigia dada yake usiku ule amwambie amempofua mama. Nikamuuliza daktari kasema hivyo? Hakusema. Daktari alisema matone yale yanaweza, na kwamba glakoma hutokea yenyewe pia, hasa kwa watu wa umri ule, na jicho lile halikuwa limepimwa presha tangu 2014 kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa. Nikamwambia, dada yako amechota maji ya mama miaka yote hii sisi tukiwa huku tunatuma elfu ishirini kwa simu na kujisikia watoto wema. Duka lilimuuzia bila cheti. Ukimpigia leo, utapata mshtakiwa na utampoteza mtu anayemhudumia mama yako.

Hakupiga. Wifi aliambiwa wiki mbili baadaye, ana kwa ana, na mama mwenyewe, kwa Kinyambo, jikoni, mlango umefungwa. Sijui maneno yaliyotumika na sijauliza. Najua alilia, na najua vichupa vilivyobaki alivitupa chooni.

Mnaoniandikia kwamba suluhisho ni kumleta mama mjini akae na ninyi, mimi siungi mkono haraka hivyo. Mtu mwenye jicho moja anajua kila kisiki cha kibanja chake. Mlete Tabata, umfungie kwenye nyumba yenye ngazi na geti, asimjue hata jirani, halafu useme umemtunza? Kama yeye anataka, sawa. Mama yetu hakutaka. Tulichofanya ni kupaka rangi nyeupe kingo za ngazi ya baraza, kumwekea taa ya sola chooni na jikoni, na kumhamishia mjukuu kitanda karibu.

Kama una mzazi aliyewekewa lenzi, huna haja ya kusubiri mpaka ang'ang'anie ukuta. Ukienda nyumbani, mzibe jicho moja kwa kiganja, mwambie asome au ahesabu vidole, kisha jingine. Wengi hawajui jicho moja limekufa kwa sababu jingine linabeba. Tafuta karatasi zake za operesheni, piga picha, weka kwenye simu yako. Kabla ya safari ipigie simu hospitali uulize mambo mawili: wana mashine ya leza ya kutoboa kifuko, na inafanya kazi wiki hiyo? Si kila penye daktari wa macho pana mashine hiyo, na nauli ya Kyerwa hadi popote si ya kuchezea. Na akifika, asikubali kupigwa leza kabla hawajampima presha na kumwangalia nyuma ya jicho. Jicho jekundu lenye maumivu, au lililopoteza uoni kwa siku moja, hilo halisubiri mwisho wa mwezi wala mshahara.

Bei sikuandikii kwa sababu zinatofautiana sana kati ya hospitali na hospitali, na kwa mwenye bima na asiye na bima. Uliza, usione haya. Uliza mbele ya mwenzako, mkiwa mmekaa wote wawili, simu ikiwa kwenye spika.

Sisi sasa tuna zamu. Mama anapimwa presha ya jicho kila baada ya miezi mitatu. Mara moja ni sisi, mara moja shemeji wa Mwanza, na safari iliyopita alimpeleka wifi, kwa kuomba mwenyewe. Matone yake hayapatikani kila mara huko nyumbani, kwa hiyo yanakwenda na basi la Karagwe, vichupa vitatu kwenye bahasha, dereva anapewa namba ya wifi. Mwezi uliopita bahasha ilichelewa siku mbili, na wifi alinipigia saa kumi na moja alfajiri kuuliza basi limefika wapi.